Kopo Lililokataliwa

Sehemu ya Tisa

Msomaji, ulipolikunja gazeti wiki jana sindano ilikuwa hewani.

Wayua alikuwa amelala chali katika kliniki moja mjini Thika, tumbo la wiki kumi na nane likiwa wazi, jeli baridi ikimtetemesha. Daktari Ansuya alikuwa ameshika sindano ndefu ya kuchota maji anamoogelea mtoto. Wayua akatamka maneno matatu tu: "Niko tayari, daktari."

Na daktari akasimama kama aliyeguswa na waya wa stima.

Sindano haikushuka. Ilirudi kwenye sinia.

"Sema tena," daktari alisema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Jina, kazi, kanisa. Ongea tu, mama."

Wayua alihisi uso ukimwaka. Tangu shule ya msingi hakupenda kuambiwa aongee. Sauti yake ilipitia puani, na baadhi ya herufi zilimtoka kama upepo. Watoto wenzake walimwita Mafua. Kwaya ya kanisa ilimweka safu ya nyuma, karibu na ngoma.

"Naitwa Wayua Mbaluka. Nakaa Mwiki, kule Ruiru. Nafanya kazi hapa Thika, kiwanda cha matunda ya makopo. Mimi ni mkaguzi."

"Hiyo mafua umekuwa nayo tangu lini?"

"Sina mafua, daktari. Mimi huongea hivi."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Ni sauti ya kwetu. Marehemu baba aliongea hivi hivi. Watu husema nimechukua sauti ya kina Mbaluka."

Daktari Ansuya alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Thika, mtu asiyepoteza maneno. Alivua glavu moja. Kisha akavua ya pili.

"Nipe simu ya mama yako," alisema.

Ngoja nikukumbushe jambo moja, usije ukapotea njiani.

Mwezi uliotangulia, maabara moja ya Ruiru ilichukua damu ya Wayua mkononi ili kumchunguza mtoto aliye tumboni. Karatasi ilirudi na habari mbaya. Kipande kidogo cha kromosomu ya ishirini na mbili kilikuwa kimekosekana. Hatari kubwa, karatasi ilisema. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuzaliwa na moyo wenye tundu, kaakaa dhaifu, au akili inayojifunza polepole. Na kijitabu cha maabara kiliandika kwa wino mzito kwamba kipimo chao ni sahihi kwa asilimia tisini na tisa.

Maluki, mume wa Wayua, alipoisoma ile tisini na tisa aliketi chini sakafuni.

Wayua hakuketi. Yeye alizijua mashine. Pale kiwandani kuna mashine ya eksirei inayotafuta vipande vya chuma ndani ya makopo. Zamu moja hukataa makopo mia. Siku wataalamu kutoka nje walipokuja kuyafungua yote mia, walipata chuma katika mawili. Mashine haikuwa mbovu. Chuma chenyewe ni adimu sana, kwa hiyo mengi ya makopo inayoyakamata huwa ni mazima.

Wayua alipompelekea ile karatasi, Daktari Ansuya alimsikiliza akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Umesema vizuri kuliko kijitabu. Hiyo tisini na tisa ni ya magonjwa mengine. Kwa kipande hiki, na kwa maabara ile, katika wanawake kumi wanaopewa karatasi kama yako, wanane hubeba watoto wazima. Lakini kujua hasa ni lazima tuchote maji."

Wanane kwa kumi! Wayua aliishi kwa wanane hao wiki tatu nzima. Aliamka nao, akawaombea, akalala nao.

Neno moja tu hakumwambia mtu. Pale kiwandani, kopo likikataliwa halifunguliwi. Siku ya wataalamu ilikuwa siku moja. Siku nyingine zote, linakwenda moja kwa moja kusagwa.

Simu iliita kule Ngoliba, shambani kwa Nzilani.

"Mwaitu," Wayua alimwita mama yake kwa lugha ya kwao, "niko na daktari. Nimekuweka kwa spika."

"Daktari wa nini? Umeanguka?"

"Hapana."

"Mtoto ametoka?"

"Mwaitu, hebu sikiza kwanza!"

Daktari alisogea karibu. "Mama, habari yako. Wayua alipokuwa mchanga akinyonya, maziwa yalikuwa yanatoka puani?"

"Ni nani amekwambia?"

"Yalitoka?"

"Yalitoka, ndiyo. Nilikuwa namnyonyesha akiwa amesimama kama askari. Lakini alizoea. Mbona huyu alipata nafuu? Ni yule mwingine ndiye..."

Sauti ilikatika. Kuku walisikika wakigombana uani.

"Yule mwingine yupi, mwaitu?"

Wayua alikuwa kifungua mimba. Hivyo ndivyo alivyolelewa, hivyo ndivyo alivyoandikwa kila mahali.

"Kulikuwa na kijana mbele yako," Nzilani alisema polepole. "Kyengo. Siku kumi na moja tu. Midomo yake ilikuwa kama ameramba wino. Mungu akamchukua. Sasa hayo maneno siwezi kuyaongea kwa simu."

Akakata.

Daktari Ansuya alivuta kigoda akaketi, na Wayua akajua kwamba mtu anapoketi hivyo hana habari njema.

"Mama, ile damu ya mkononi ni mchanganyiko. Ya mtoto, ile inayotoka kwenye kondo la nyuma, ni kidogo sana. Nyingi ni yako mwenyewe. Kama kipande hicho kinakosekana kwako wewe, mashine itapiga kelele vilevile. Haichagui ni cha nani."

"Kwa hivyo haikukosea."

"Inawezekana iliona vizuri kabisa. Ila ilikuwa inakuangalia wewe."

Wayua aliikumbuka asubuhi moja pale kiwandani, mashine ilipokataa kila kopo lililopita, mia tatu mfululizo, mpaka fundi Nzioka alipoinama chini ya mkanda akatoka na bolti iliyokuwa imelegea. Makopo hayakuwa na kosa. Chuma kilikuwa kwenye mkanda wenyewe.

"Bolti ni mimi," alisema.

"Sikukusikia."

"Mtoto wangu je?"

"Kila mtu ana kromosomu mbili za ishirini na mbili. Kama wewe uko hivi ninavyodhani, moja yako ni nzima na moja imepungua. Mtoto umempa moja. Sijui ni ipi. Ni nusu kwa nusu."

"Uliniambia wanane kwa kumi."

"Kabla sijaisikia sauti yako. Sasa ni watano."

Watoto watatu wazima walitoka mle chumbani bila kufungua mlango.

"Lakini mimi niko hai, daktari! Nafanya kazi, nimeolewa, nasoma Biblia mwenyewe. Mbona mimi sina moyo mbovu?"

"Kipande hicho hakimtendei kila mtu sawasawa. Mwingine kinampiga moyoni. Mwingine kinachukua sauti tu, na watu wanadhani ni ya ukoo."

"Na huyu atakuwa wa moyo au wa sauti?"

Daktari alitazama sinia. "Sindano itasema kama anacho au hana. Kitamfanya nini, hata sindano haijui. Moyo tutauangalia kwa skani akikua kidogo. Na lazima nirudie hili: mara chache sana, sindano yenyewe huleta mimba kutoka. Najua umeshapoteza mimba mbili. Ukitaka, tuchukue damu yako tu leo, na maji tuyaache. Wewe ndiwe wa kusema."

Wayua alijiziba kinywa kwa kiganja. Sauti aliyoishi nayo miaka thelathini na mitatu ilikuwa imegeuka shahidi dhidi ya mtoto wake.

Aliashiria mlango kwa kidole. Maluki akaitwa.

Maluki alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, jitu la mtu, mikono yenye madoa ya cheche. Alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Alipomaliza kusikiliza alifanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Alicheka.

"Sauti? Daktari, si watu wako na sauti tofauti tofauti! Kuna Kahiga wa nyama choma pale Kamakis, huyo nilimtengenezea jiko. Ukimsikia akiitisha oda utasema ni Wayua amemeza mwanamume. Nilimwambia Wayua hivyo tukichumbiana, akaninyamazia siku mbili!"

"Maluki," Wayua alisema.

"Si ni kweli? Hata mwaitu tulimpeleka pale mwaka juzi. Kahiga akaja kutukatia nyama yeye mwenyewe, mwaitu akakataa kula, ati tumbo. Sasa na Kahiga naye ni mgonjwa? Mtu anabeba mbuzi mzima begani!"

"Maluki, acha."

Aliacha. Kicheko kilimwishia na uso ukabaki bila kitu cha kushika.

"Wayua, kuna kitu nimefanya."

"Kitu gani?"

"Jumapili, ukiwa kazini. Nilisimama nikatoa ushuhuda."

"Ushuhuda wa nini?"

"Kwamba mashine imekosea. Niliwaeleza ile ya makopo, vile ulinieleza. Kanisa lote likasimama. Mchungaji akasema Jumapili hii ni shukrani."

"Majibu hatuna! Maluki, unatoa shukrani ya nini?"

"Nilikiri kwa imani. Si tunafundishwa tukiri kabla ya kuona?" Sauti ya lile jitu ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Nilifikiri nikisema mbele ya watu, Mungu hawezi kuniangusha mbele ya watu."

Hapo hapo simu ya Wayua ikaita. Ni Wakonyo, kiongozi wa akina mama kanisani, mtu ambaye usipomjibu hupiga mpaka betri iishe. Maluki aliiweka sikioni mwa mkewe.

"Bwana asifiwe sana, dada! Nisikize, sina wakati. Jumapili ya shukrani ni wewe utaimba. Peke yako, mbele kabisa. Hiyo mambo ya kujificha kwa ngoma imeisha. Leso zenyewe tumechagua, za manjano. Sema amina!"

Miaka kumi na miwili alikuwa ameomba kimoyomoyo aitwe mbele.

"Amina," Wayua alisema.

Alifumba macho. Alizoea kumwomba Mungu kwa mpangilio: kushukuru kwanza, kutubu, kisha haja. Leo mpangilio ulimtoroka. Bwana, alisema moyoni, sijui hata niombe lipi. Nikiomba awe mzima, labda alishakuwa hivyo alivyo tangu siku ya kwanza. Wewe soma mwenyewe yaliyoandikwa humu ndani, mimi siwezi.

Alifumbua macho.

"Lifungue," alimwambia daktari.

"Nini?"

"Kopo. Lifungue. Nimechoka kuyapeleka bila kuyafungua."

Daktari Ansuya hakuelewa yote, lakini alivaa glavu mpya.

Kwenye kioo cha skani mtoto alionekana amejikunja, ngumi moja karibu na mdomo. Sindano iliingia. Maluki aligeukia ukuta. Wayua hakugeuka. Aliona ule mstari mweupe ukishuka karibu na kisigino kidogo, na kile kisigino kikajivuta nyuma, kama mtu aliyekanyaga maji baridi.

"Usimguse," alinong'ona. "Tafadhali usimguse."

"Simgusi, mama."

Maji yalikuja ya manjano hafifu. Chupa mbili ndogo. Kisha damu kutoka mkononi kwa Wayua, chupa ya tatu. Zote tatu zikafungwa pamoja.

"Wiki mbili," daktari alisema. "Sasa lala hapo saa moja. Usiamke. Ukiona damu au maji, nipige kelele."

Wiki mbili! Na shukrani ilikuwa baada ya siku tatu.

Maluki alivuta kigoda akaketi, akaushika mguu wa mkewe juu ya shuka. Kila baada ya dakika chache Wayua aliingiza mkono chini ya shuka kuangalia kama kuna maji. Hakukuwa. Aliangalia tena.

Dakika ya arobaini simu iliita, Wayua akaiweka spika. Ngoliba.

"Uko na nani?" Nzilani aliuliza.

"Na Maluki."

"Mtoe."

"Hatoki, mwaitu. Sema."

Pumzi ndefu ilipita kwenye simu. "Nimekaa hapa kwa mawe ya jiko tangu ukate..."

"Ni wewe ulikata."

"Tangu nikate. Wayua, Kyengo hakufa."

Maluki aliinua kichwa.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba yako alikuwa hajanioa bado. Masista wa hospitali waliniambia mtoto ni wa moyo, hamalizi wiki mbili. Nikamwangalia siku kumi na moja akigeuka rangi kila akilia. Nyanya yako, mama yake Mbaluka, alikuja akachungulia, akasema hicho kisiletwe kwake. Siku hiyo nilichukua beseni, nikasema naenda kufua nepi. Sikurudi."

"Mwaitu..."

"Baba yako nilimwambia hospitali imezika. Amekufa akijua hivyo. Na mimi nikaamini amekufa, maana walisema hamalizi wiki mbili. Nilikuwa nahesabu alikufa Alhamisi."

Wayua alitaka kuamka. Maluki alimrudisha kwa kiganja kimoja begani, taratibu, macho yake yakiwa hayatoki kwenye simu.

"Sasa umejuaje hakufa?"

"Nilimsikia kabla sijamwona. Mtu alikuwa ameniinamia kwa nyuma na kisu cha nyama, akasema karibu mama, nikukatie wapi? Nikajua Mbaluka amefufuka. Nikageuka. Masikio ya Mbaluka. Shati wazi, na kovu refu limeshuka hapa katikati ya kifua. Walimpasua, kumbe akapona! Nikauliza yule msichana wa kupeleka chai, huyu ni wa wapi? Akaniambia alilelewa na masista, baadaye akachukuliwa na wazee wa hapo karibu, wakampa jina lao. Nyama ikanikwama hata kabla sijaila."

"Mwaka juzi," Maluki alisema. "Tumbo."

"Halikuwa tumbo," Nzilani alisema, na akaanza kulia.

Msomaji, fikiria mwanamke huyo kitandani. Asubuhi hiyo aliingia na kopo moja lililokataliwa. Sasa yalikuwa matatu. Mmoja ni yeye. Mmoja bado yumo tumboni. Na mmoja alikataliwa kabla yao, akapelekwa kusagwa, na hakusagika! Alikuwa Kamakis miaka yote akibeba mbuzi begani, akicheka na watu, kwa sauti ya nyumba ambayo haikumtaka.

"Mpigie," Wayua alimwambia Maluki.

"Nimwambie nini?"

"Mpigie tu. Nataka kumsikia. Nataka nijue huyu wangu anaweza kuwa nani."

Maluki alitafuta namba kwenye simu yake: Kahiga Choma. Akaweka spika. Simu iliita mara moja, mara mbili, mara sita.

Ikapokewa na mwanamke.

"Ni nani?"

"Sasa, ni Maluki, fundi wa jiko. Naomba Kahiga."

"Maluki, ni Lynn, wa hapa chai. Wueh, Maluki, hujasikia? Ameanguka leo asubuhi akiwasha moto. Tuko naye hospitali hapa Ruiru. Ni moyo."

"Daktari ananisumbua na maswali," Lynn aliendelea, sauti ikipasuka. "Anauliza kwao kuna ugonjwa gani. Ati anataka ndugu wa damu kabla wamwingize ndani kupasuliwa. Mimi nitasema nini? Wale wazee walishakufa. Kahiga mwenyewe husema hana mtu duniani. Unajua mtu yeyote wa kwao?"

Maluki alimtazama mkewe. Kule Ngoliba, kwenye simu nyingine iliyosahaulika juu ya shuka, Nzilani alikuwa bado analia.

Wayua, ambaye hakuwahi kupenda kuambiwa aongee, aliinyakua simu.

"Mwambie daktari ana watu," alisema. "Mwambie ni kipande cha kromosomu ya ishirini na mbili, aangalie hapo. Mwambie mama yake yuko hai. Mimi ni dada yake."

Kwa mbali, upande wa Ruiru, magurudumu ya kitanda yalianza kulia sakafuni na mtu akapaza sauti kwamba wakati umekwisha.

"Yesu wangu," Lynn alinong'ona. "Hiyo ni sauti yake." Kisha akaanza kukimbia, viatu vyake vilisikika, na pumzi yake. "Sema tena! Dada, sema tena haraka, naiweka kwa sikio lake!"